Asiye na mtu: juu ya upweke na matunzo yake katika mji wa Lubumbashi

Katika Injili ya Yoane Mtakatifu, sura ya 5, tunasoma habari ya mgonjwa aliyelala karibu na birika ya maji huko Yeruzalemu. Alikuwa mgonjwa tangu miaka 38. Yezu akamwuliza kama anataka kupona. Mtu huyo hakujibu kwamba anataka, wala hakutaja maumivu ya mwili wake. Alileta shitaka moja tu: kwamba hana mtu wa kumtia majini. Sisi tunaoeleza sura hiyo kwa wakristu huwa tunaangalia sana viungo vyake visivyo na nguvu. Lakini mgonjwa mwenyewe alitaja ugonjwa wa pili, na ni huo aliouweka mbele.

Juu ya ugonjwa huo wa pili tunataka kusema hapa: ni nini, unatoka wapi katika mji wetu, na matunzo yake ni gani. Ni jambo la kazi yetu. Katika parokia za Katuba, za Kenya, za Ruashi, watu wanakuja mlangoni kwetu wakiomba Misa, wakiomba baraka ya nyumba isiyo na usingizi. Tukiwasikiliza hata mwisho, tunakuta kwamba wengi wanasema neno lile lile la mtu wa Injili.

1. Maneno matatu tusiyachanganye

Kwanza kuna ukimya wa mtu anayejitenga kwa kupenda. Antoni Mtakatifu aliingia jangwani. Bwana wetu mwenyewe alipanda mlimani kusali peke yake. Huu si ugonjwa. Mtu huyo ametoka kati ya watu, lakini ana Mungu wa kuzungumza naye, na anajua kwamba akishuka atawakuta wenzake.

Pili kuna kutengwa. Hili ni jambo la nje, tunaweza kulihesabu: mtu hana mgeni, hana ndugu mjini, siku tatu zinapita pasipo mtu kumwita jina lake.

Tatu kuna upweke wenyewe, nao ni jambo la ndani. Ni maumivu ya moyo anayoyasikia mtu akiona kwamba umoja alio nao na wengine haufikii umoja anaouhitaji. Tuufananishe na njaa. Njaa si dhambi, si aibu. Ni alama ya mwili kwamba chakula kinakosekana. Upweke vilevile ni alama ya moyo.

Mambo haya mawili ya mwisho hayaendi sikuzote pamoja. Mzee anaweza kukaa peke yake shambani, na moyo wake kutulia. Mwanamke kijana anaweza kukaa katika lupango lenye watu kumi na tano, akala nao bukari katika sahani moja, na kuwa mpweke kabisa, kwa sababu hakuna hata mmoja anayeweza kumwambia jambo linalomla moyo. Ndiyo sababu hatuwezi kuridhika na neno lile tunalolisikia mara nyingi, kwamba upweke ni ugonjwa wa Wazungu na Mwafrika hawezi kuupata kwa kuwa ana ukoo mkubwa. Neno hilo linahesabu vichwa tu, halifiki moyoni.

2. Upweke unatoka wapi katika mji wetu

Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910, ukaitwa Elisabethville hata mwaka 1966. Wengi wa watu wake walikuja kutoka mbali kutafuta kazi. Katika miaka ya kwanza Union Minière iliandika hasa wanaume vijana, kwa mkataba wa miezi michache, wakikaa kambini bila wake na bila watoto. Kampuni yenyewe ikaona hasara: watu waliugua, walikufa, walikimbia. Basi tangu karibu mwaka 1926 ilianza kubadili desturi, ikawapokea wafanyakazi pamoja na wake zao, kwa mikataba ya miaka mitatu. Ikatoa nyumba, posho, masomo na hospitali. Ilifanya hivyo kwa faida yake. Hata hivyo ilikuwa imekubali ukweli mmoja, kwamba mikono haifanyi kazi vizuri pasipo jamaa.

Kampuni ikawa kama baba na mama. Gécamines, iliyorithi mali ya Union Minière baada ya mwaka 1967, ikarithi na ubaba huo. Kisha kazi ikaanguka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa mapenzi, uliosaidiwa na feza za Benki ya Dunia. Walipewa feza mara moja, na kwa wengi feza ile haikukaa. Tufikiri vema juu ya hasara yao. Hawakupoteza mshahara tu. Walipoteza saa ya kuamka, wenzao wa kazi, na jina walilosalimiwa nalo kambini. Baba aliyekuwa mkubwa wa kikundi chini ya shimo alibaki kiti cha nyumbani, mke akienda kuuza sokoni na kulisha nyumba. Mtu wa namna hii haoni haya ya njaa tu. Anaona haya ya kuonekana. Ndipo anapojificha.

Mlango wa pili ni kifo. Katika kilio watu wetu wanajua kazi yao. Wanaume wanalala nje wakiota moto, wanawake wanakaa ndani pamoja na mjane, watu wanachanga feza, wanapika. Hii ni dawa kubwa, na tusikubali ipotee. Lakini kilio kikiisha viti vinarudishwa, watu wanatawanyika, na mjane anabaki. Siku ambazo kila mtu alimwona, labda hakuwa bado amefahamu msiba wake. Siku anapoufahamu, hakuna tena mtu wa kukaa naye.

Mlango wa tatu ni mashitaka ya ulozi. Mzee asiye na kazi, mjane asiye na mtoto, mtoto yatima anayekojoa kitandani: mtu akiugua nyumbani, vidole vinaelekea kwao. Huyu anatengwa kwa neno moja, na neno hilo halina hukumu wala mwisho. Kwa sababu hiyo watoto wengine wako barabarani; nyumba ya Bakanja ya Wasalesiani wa Don Bosco hapa mjini inapokea watoto wa barabara.

Wengine wanasema simu imeongeza upweke, wengine wanasema imeupunguza. Simu inaweza kumwunganisha mama wa Lubumbashi na mtoto wake aliye Afrika ya Kusini, na hilo ni jema. Lakini haimletei maji siku anapoumwa.

3. Upweke unavyofanya kazi ndani ya mtu

Tarehe 30 Juni 2025 OMS, chama cha mataifa kinachoangalia afya, ilitoa ripoti juu ya jambo hili. Inasema kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusiana na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Tena inasema kwamba katika inchi maskini wanaosikia upweke ni karibu watu 24 kwa mia, na katika inchi tajiri karibu 11 kwa mia. Wale wanaosema kwamba ni ugonjwa wa Wazungu wasome hesabu hiyo.

Namna gani upweke unaweza kuua? Mtu mpweke halali vizuri. Moyo wake uko sikuzote kama mlinzi wa usiku anayengoja mwizi. Hata mishipa ya damu inachoka. Anaacha kula kwa saa yake, anaacha dawa za sukari ao za presha kwa sababu hakuna wa kumkumbusha, ao anatafuta rafiki katika chupa.

Lakini jambo tunalopaswa kulifahamu zaidi ni lile la mawazo. Mtu aliyekaa mpweke siku nyingi anaanza kungoja dharau. Jirani akipita bila kumsalimu, hafikiri kwamba jirani ana haraka. Anafikiri kwamba amechukiwa. Basi anajibu kwa uso mkali, ao hajibu. Jirani naye anaona ukali huo, anaacha kuja. Mpweke anasema: Niliwaambia. Hivi ugonjwa unajilisha wenyewe.

Wataalamu wa Marekani, mmoja wao John Cacioppo wa Chicago, mwaka 2011 walilinganisha majaribio mengi ya kuponya upweke. Majaribio mengine yalifundisha watu namna ya kuzungumza na wenzao, mengine yaliwapa wasaidizi, mengine yaliongeza nafasi za kukutana, mengine yaliwasaidia kupima mawazo yao mabaya juu ya watu. Njia hii ya mwisho ndiyo iliyosaidia kuliko nyingine. Hapo tunaelewa kwa nini shauri letu la kawaida, "Mama, uje katika kikundi", mara nyingi halizai kitu. Tunamwita aje kati ya watu, na yeye anaona kati ya watu hatari tu. Tuanze kwanza na mtu mmoja.

4. Matunzo yaliyojaribiwa

Matunzo tunayosema hapa ni maongezi yenye utaratibu: yana saa yake, yana lengo, yana siri, na yana mwisho. Si mahubiri, si kitubio, wala si mazungumzo ya barazani.

Huko Harare, katika inchi ya Zimbabwe, munganga Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kazi ya benchi la urafiki. Aliona kwamba wanganga wa akili ni wachache mno, akawafundisha wanawake wazee wa mitaa, wankambo. Nkambo anakaa na mgonjwa kwenye benchi la mbao, nje ya zahanati. Kwanza anamwacha afungue mawazo yake yote. Kisha wanachagua pamoja shida moja, moja tu, na njia ndogo ya kuishughulikia juma hilo. Mgonjwa anarudi, wanatazama kama njia ilifaa. Baadaye anaingizwa katika kikundi cha wengine waliopita benchini, wanaokaa pamoja wakifuma mifuko ya kuuza. Mwaka 2016 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika zahanati 24, na watu 573. Baada ya miezi sita, kati ya waliokaa na wankambo walibaki karibu 14 kwa mia wenye alama za ugonjwa wa huzuni. Kati ya wengine, karibu 50 kwa mia. Tuangalie utaratibu wake: kwanza mtu mmoja, kisha shida moja, kisha kikundi, na katika kikundi kuna kazi ya mikono.

Huko Uganda, upande wa Masaka na Rakai, jaribio jingine lilifanywa katika vijiji 30, matokeo yake yakatolewa mwaka 2003. Watu walikutana katika vikundi vidogo, wanaume mbali na wanawake mbali, mara moja kwa juma, majuma 16, wakiongozwa na Waganda waliofundishwa kwa muda mfupi. Kitabu cha OMS cha mwaka 2016, kilichotokana na njia hiyo, kinataja malango manne ambayo huzuni huingilia: kifo cha mpendwa, ugomvi, mabadiliko ya maisha, na upweke. Malango hayo tumeyaona yote katika mji wetu. Hata Kivu, katikati ya vita, wasaidizi Wakongomani waliwatunza hivi kwa vikundi wanawake waliotendewa jeuri, na matokeo mema yalitangazwa mwaka 2013.

Lakini kuna wagonjwa ambao nkambo na katekista hawatoshi kwao. Kwa hao tuna hapa Lubumbashi hospitali ya magonjwa ya akili ya Joseph Guislain, kazi ya Frères de la Charité. Shirika hilo lilianzishwa Gent, Ubelgiji, mwaka 1807 na padri Petrus Jozef Triest. Munganga Guislain, aliyekufa mwaka 1860, alifanya kazi pamoja naye ili wagonjwa wa akili watunzwe kama watu, si kama wafungwa. Watu wetu wanaogopa kuonekana wakiingia pale. Ni kazi yetu kuwaondolea aibu hiyo, kwa kusema wazi mbele ya wakristu kwamba kwenda huko ni sawa na kwenda Sendwe kwa ajili ya malaria.

5. Somo la Jamaa

Sisi wa Katanga tusifikiri kwamba tunapokea mambo haya yote kutoka nje. Padri Placide Tempels, Mfransisko, alifika Kongo mwaka 1933. Mwaka 1945 alitoa kitabu chake juu ya filosofia ya Wabantu. Ndani yake alieleza kwamba kwa Wabantu muntu hawezi kufikiriwa peke yake, kama kitu kilichokatwa. Nguvu yake ya uzima inatoka katika umoja na wengine. Baadaye alikiri kwamba yeye mwenyewe alikaa miaka mingi kama mwalimu na mkubwa, na kwamba alikutana na watu siku ile alipoacha kuwafundisha akawauliza wao ni nani na wanatamani nini.

Katika kambi za Kolwezi, tangu karibu mwaka 1953, kutokana na makutano hayo ikazaliwa Jamaa. Wafanyakazi na wake zao, watu wa makabila mbalimbali waliotupwa pamoja na kampuni, wakajifunza kuelezana mawazo yao, bwana na bibi kwanza, kisha nyumba na nyumba. Wengi walipata hapo ndugu ambao kambi haikuwapa.

Lakini Jamaa inatufundisha vilevile hatari. Kulikuwa na vikundi vilivyojifunga, vikawa na siri zao, vikajiona kuwa wakristu kuliko wengine, hata maaskofu iliwapasa kuwaonya. Kikundi kinachomponya mtu upweke kwa kumtenga na Eklezya na jamaa yake kimemhamisha tu kutoka chumba kimoja hata kingine. Tunaona jambo hilo leo katika vyumba vingine vya sala, ambako mgonjwa anakatazwa kunywa dawa za munganga na kuwaona ndugu zake.

6. Kazi yetu

Tangu mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walichagua jumuiya ndogo, ile tunayoita shirika, kuwa njia ya kazi ya Eklezya. Shirika linajua kila lupango. Basi tushike mambo haya:

Kwanza, tumfuate mjane baada ya kilio. Shirika lichague watu wawili wa kumtembelea kila juma kwa muda wa miezi mitatu, siku moja na saa moja isiyobadilika.

Pili, tuulize maulizo madogo yenye jibu. Tukisema "Mama, muko namna gani?" atajibu "Muzuri". Tuulize: "Mama, tangu kilio kwisha, magaribi munakula na nani?" Hapo atasema.

Tatu, tusimpe mtu mpweke mshitakiwa. Akiuliza ni nani anayemroga, tusitaje mtu, tusicheke, tusimpeleke kwa mfumu. Tumwambie kwamba maumivu yake ni ya kweli, na kwamba yana sababu tunazoweza kuzitafuta pamoja.

Nne, tusimfanye kuwa mwombaji wetu wa sikuzote. Yezu hakumchukua mgonjwa wa birika mabegani. Alimwamuru achukue mwenyewe kitanda chake. Mpweke apewe kazi ambayo wengine wanaihitaji kweli: kufungua kanisa, kufundisha watoto, kumpelekea mgonjwa chakula.

Tano, tujue alama za kumpeleka kwa munganga mara moja: halali tena, hali chakula, anasikia sauti, anagawa vitu vyake, anasema afazali kufa. Tusiogope kumwuliza wazi kama anawaza kujiua. Ulizo hilo halimtii wazo hilo moyoni. Linamfungulia mlango wa kulisema. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata saa moja, na padri ao katekista amsindikize mwenyewe.

Sita, tulinde siri. Jambo tulilolisikia katika kitubio hatuwezi kumwambia munganga wala ndugu, hata kwa nia njema. Padri amwombe mtu huyo, pale pale katika kitubio, alirudie nje ya kitubio, ili asaidiwe.

Kwa utaratibu tuna kielelezo katika Kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Nabii Eliya amekaa chini ya mti, anaomba kufa. Mungu hamgombezi. Kwanza anamwacha alale. Kisha anamlisha, mara mbili. Kisha anamwacha atembee safari ndefu. Kisha anamwuliza anafanya nini pale, na anasikiliza shitaka lake, kwamba amebaki peke yake, mara mbili vilevile. Kisha anampa kazi. Katika kazi hiyo anampa Elisha kuwa mwenzake, na mwisho ndipo anamjulisha kwamba wako watu 7,000 ambao hakuwahesabu. Sisi tunapenda kuanza na hao 7,000. Mungu alianza na usingizi na mkate.

7. Na padri mwenyewe?

Waseminari wanaosoma maandishi haya wanaishi leo na wenzao mezani, kanisani, uwanjani. Kesho mmoja atatumwa kwenye parokia ya mbali, barabara ikikatika miezi ya mvua. Watu mia watamsalimu kila siku, na labda hapatakuwa mmoja wa kumwambia kwamba amechoka. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika maagizo yake juu ya mapadri ya mwaka 1965, ulitaka mapadri wawe na namna fulani ya maisha ya pamoja, na ukataja waziwazi hatari za upweke. Useja tunauchagua; kukosa rafiki hatukukuchagua, wala Eklezya haikutuomba. Anayeficha upweke wake nyuma ya kazi nyingi ataupeleka siku moja kwenye pombe, kwenye feza ao kwa mtu asiyempasa.

Basi kila mmoja wetu awe na padri mwenzake mmoja anayekutana naye kila mwezi, si kwa hesabu za parokia tu, lakini kusema hali ya moyo na kuungama. Asiye naye bado amtafute mwezi huu. Na ninyi makatekista, mmoja wenu akimwona padri wake anakula peke yake kila magaribi, amwalike lupangoni. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata kikiwa kidole kilichopakwa mafuta matakatifu.

Bwana wetu, aliyewaomba wanafunzi wake watatu wakeshe naye katika bustani na kuwakuta wamelala, anajua maumivu haya. Tumwombe atuamshe.